Uzi Uliosokotwa Kinyume

Katika miaka tisa niliyofanya kazi kwenye kiwanda cha uzi, sikukutana na mtu hata mmoja aliyewahi kuuwaza uzi. Watu huwaza kitambaa. Huwaza rangi, mtindo, kola na vifungo. Uzi huukumbuka siku suruali imepasuka wakiwa wameinama mbele ya wakwe, na hata siku hiyo wanayemlaumu ni fundi aliyeshona. Nayasema haya nikiwa mtu aliyefaidika sana na desturi hiyo ya kumlaumu fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mke wangu.

Kiwanda kilikuwa Athi River, nasi tulikaa Kitengela. Wakati huo, miaka ya tisini, Kitengela ilikuwa mstari mmoja wa maduka kando ya barabara ya Namanga. Nyuma ya maduka nyumbu walipita kama wenye mji, na mvua ikinyesha udongo mweusi ulikuvua kiatu na kubaki nacho. Mimi ni mtu wa Ukambani. Mke wangu ni Mmaasai wa Kajiado. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na nilikitaja hata kwa mtu aliyeniuliza tu saa ngapi.

Habari za uzi niliwaeleza wageni wote waliofika kwangu, hasa wale ambao hawakuuliza. Niliwaambia kwamba uzi wanaouona dukani, umekaa kwa adabu kwenye kijiti chake, ulianza kama robota la nyuzinyuzi fupi nyeupe, jepesi kama pamba ya godoro ingawa si pamba. Asili yake ni mafuta ya petroli, kwa njia ambayo niliieleza vizuri bila kuielewa. Nyuzinyuzi hizo huchanwa na mashine yenye meno mengi mpaka zilale upande mmoja, zikavutwa kuwa utepe mnene, utepe ukavutwa tena kuwa mwembamba, ndipo ukasokotwa. Hapo unapata uzi mmoja usiofaa kitu. Ukiuvuta unakuishia mkononi. Siri ni kuchukua nyuzi mbili au tatu za namna hiyo na kuzisokota pamoja kuelekea upande wa pili, kinyume cha zilivyosokotwa mwanzo, ili mmoja ukitaka kufunguka mwenzake aukamate. Nikifika hapo nilipenda kusema kwamba ni kama ndoa. Mke wangu akisikia hivyo aliinuka kwenda kuangalia sufuria.

Baadaye uzi hupikwa kwenye rangi ndani ya mitungi mikubwa ya chuma, hukaushwa, hupakwa mafuta kidogo ili uteleze kwenye sindano bila kuungua, na mwisho huviringwa kwenye koni. Mimi nilikuwa idara ya kusokota, na nawaomba msomaji na subira yake wanivumilie kwa jambo moja zaidi la ufundi, kwa sababu ndilo lililoniharibia nyumba.

Cherehani imeundwa ikitarajia kwamba uzi umesokotwa upande fulani. Kabla ya kutulia kwenye mshono, uzi hupanda na kushuka katika jicho la sindano mara nyingi sana, na ndoana iliyo chini huuzungusha. Uzi wa upande unaotakiwa huzidi kukaza. Uliosokotwa kinyume hufunguka. Ni hayo tu. Ukiushika kwa vidole viwili na kuuviringisha, utajua ni wa upande gani kabla hujamaliza kupiga chafya. Wafanyakazi wapya wote walioletwa kwetu niliwafundisha mimi kupima hivyo, na niliwafundisha vizuri, kwa maneno mengi.

Siku moja mkanda unaozungusha vijiti vya mashine yangu ulikatika. Utaratibu ulikuwa kumngoja makanika. Makanika alikuwa amekwenda kula, na alikuwa na elimu ya darasa la saba. Mimi, kama nilivyokwisha kusema, nilikuwa na kidato cha nne. Niliufunga mkanda mpya mwenyewe. Mashine ikaanza kuzunguka kwa sauti tamu kabisa, nami nikasimama pembeni mikono kiunoni, nikijisikia kama aliyeivumbua. Ilikuwa inazunguka kinyume.

Kulikuwa na karatasi ya kujaza: umepima koni ya kwanza kwa vidole? Nikatia sahihi kwamba nimepima. Sahihi yangu wakati ule ilikuwa nzuri, na ndiyo kitu pekee kilichokwenda sawa siku ile. Mashine ikasokota zamu tatu mfululizo, uzi ukaenda kwenye rangi, ukatoka buluu iliyokolea, buluu ya sare za shule ambayo kila fundi nchini anaitaka. Kosa liligunduliwa kwenye chumba cha majaribio, uzi ulipoanza kukatika na kutoa manyoya. Wakafuata karatasi nyuma mpaka wakafika kwenye ile sahihi nzuri.

Nilifutwa kazi asubuhi, kwa heshima, mlango ukiwa wazi. Msimamizi akaniambia nikitaka nichukue magunia mawili ya koni hizo niende nazo nyumbani. Nadhani ilikuwa kejeli. Wakati huo sikuwa mwanafunzi wa kejeli, nimeisoma baadaye. Nilichukua magunia mawili.

Miaka ile kila kiwanda kilikuwa kikipunguza watu, kwa hiyo uongo wangu ulipata wenzake wa kutembea nao. Nilimwambia mke wangu kwamba wamepunguza watu na kwamba, kwa kuthamini utumishi wangu, wamenipa uzi kama zawadi. Aliangalia magunia. Aliniangalia mimi. Akasema, "Basi, Mungu ni mwema," akanipakulia chakula.

Yeye alikuwa amesomea ushonaji kwa masista, na alishona tangu kabla sijamuoa. Wanawake walitoka Isinya na Kajiado mjini kumletea vitambaa, wakipita mafundi wengine njiani. Akimaliza gauni alilipiga pasi, akalitundika, akakaa mbali akaliangalia kama mtu anayemsubiri mgeni aseme neno. Ikiwa kuna mahali hapakumpendeza, alifumua. Mwenye gauni angeweza kulia kwamba harusi ni kesho, yeye alifumua. Jina lake lilikuwa hilo tu: yule mama ambaye nguo yake haifumuki.

Nilipokosa kazi, nilijiajiri kwenye duka lake kama meneja. Duka lilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye cherehani moja ya miguu. Kazi ya meneja ilikuwa kukaa kwenye kiti na kuwaeleza wateja jinsi uzi unavyotengenezwa.

Wakati huo ndipo akina mama wa kanisa letu walipoalikwa Kajiado kuimba kwenye mkutano mkubwa wa akina mama. Mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuja dukani na marobota ya kitambaa cha buluu.

"Mama, ni magauni ishirini na mbili," akamwambia mke wangu. "Na uyaachie nafasi. Unajua sisi hatuimbi tumesimama kama milingoti."

"Nitaachia kwapa."

"Kwapa, kiuno, kila mahali. Mimi nikiruka nataka nishuke nikiwa bado nimevaa."

Wakacheka. Lakini mwenyekiti alipoondoka, mke wangu hakucheka tena. Kajiado ilikuwa nyumbani kwake. Shangazi zake wangekuwepo, masista waliomfundisha wangekuwepo, na mama yake mzazi angekuwepo, yule ambaye hakupenda binti yake aolewe na mtu asiye na ng'ombe hata mmoja na mwenye maneno mengi. Magauni yale yalikuwa yawaambie wote kwamba hakupotea.

Kitambaa kilikuwa buluu. Na kwenye kona ya chumba kulikuwa na magunia mawili ya uzi wa buluu.

Siku ya pili ya kushona aliniita. "Baba Watoto, huu uzi unakatika."

"Uzi haukatiki. Ni mashine imekaza."

"Nimeilegeza mara tatu."

"Ilegeze ya nne."

"Angalia sindano, basi. Iko na manyoya kama kondoo." Akayapuliza manyoya. "Si niende tu dukani nichukue uzi mwingine?"

"Tuko na magunia mawili ya uzi wa kiwanda ndani ya nyumba, na wewe unataka kwenda kwa duka kutafuta uzi? Mimi nimefanya hii kazi miaka tisa."

Angalieni jinsi nilivyoitumia miaka tisa. Nilijua kila kitu kuhusu uzi ule. Hakuna mtu duniani aliyeujua kuliko mimi, maana nilikuwa nimeutengeneza. Lakini kusema kwamba uzi ni mbaya kulikuwa kusema kwa nini uko nyumbani kwangu. Nikaona heri gauni lifumuke kuliko mimi.

Wiki hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kutibiwa jino. Sharti nieleze adabu zetu. Mimi na yeye hatukushikana mikono, hatukula pamoja, na hatukuzungumza uso kwa uso. Alipotaka kuniamkia aliniita Paker, kwa sababu nilimpa kondoo wakati wa posa, nami nilimwita vivyo hivyo, kila mmoja akiangalia upande wake. Adabu hiyo ilinifaa. Mtu asiyeruhusiwa kukusema ndiye mgeni bora kuliko wote.

Alikaa barazani akitunga shanga. Uzi wake aliutoa kwenye magunia ya nailoni yaliyochakaa; alichomoa nyuzi, akazilaza kwenye paja, akazisokota kwa kiganja, akazikunja na kuzisokota pamoja kwa kurudisha mkono. Kazi ya idara yangu nzima aliifanya akiwa ameketi, huku akitafuna mswaki upande usiouma. Asubuhi moja shanga zilimkatikia, akamwomba binti yake kipande cha uzi, naye akampa kutoka kwenye koni yangu. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nikasikia kiganja kikisugua paja mara mbili. Halafu nikamsikia akizungumza Kiswahili.

Mama mkwe hakumsemesha binti yake Kiswahili hata siku moja, walizungumza Kimaasai. Akizungumza Kiswahili, tena kwa sauti ya juu, ujue pazia ndilo linaloambiwa.

"Mwanangu, huu uzi nani alisokota?"

"Ni wa kiwanda, yeyo," mke wangu akamjibu mama yake.

"Aliyesokota alikuwa anarudi nyuma. Mkono wangu inaenda hivi, uzi inataka hivi. Nikisokota, inafunguka. Nikifungua, inakaza. Usishonee watu."

"Baba Watoto anasema ni mzuri."

"Mimi sijasema kitu juu ya Paker. Mimi nasema na uzi."

Hakuwa ameingia darasani hata siku moja. Alipima kwa kiganja na paja kile ambacho kiwanda kizima kilikigundua baada ya zamu tatu na mtungi mzima wa rangi. Mke wangu aliingia ndani akasimama mbele yangu na koni mkononi.

"Umesikia."

"Uzi wa shanga ni kitu kingine," nikasema. "Uzi wa cherehani ni kitu kingine. Mama hajui mambo ya mashine."

"Kwa hivyo nishone?"

"Shona."

Bado uzi ulikatika. Siku mbili baadaye alipokwenda kwenye mkokoteni wa maji, nilikaa kwenye cherehani yake. Nikalegeza skrubu inayokaza uzi, zaidi ya alivyoilegeza yeye, zaidi ya fundi yeyote mwenye akili anavyoweza kuilegeza. Nikaongeza urefu wa hatua, ili sindano ichome mara chache. Nikajaribu kwenye kipande cha kitambaa: uzi haukukatika tena. Mshono ulilala juu ya kitambaa kama mtu aliyelala juu ya kitanda cha wenyewe, bila kushika kitu. Aliporudi nikamwambia, "Nimekurekebishia mashine."

Alijaribu. Aliugeuza mshono, akauangalia upande wa chini. Zilibaki siku nne na magauni kumi na sita. Nadhani alichoka. Au nadhani, na hili ndilo ninaloliona usoni mwake kila nikikumbuka, aliamua kuniamini. Alishona magauni yote. Hakutundika hata moja na kukaa mbali kuliangalia.

Kajiado siku ile kulikuwa na jua na upepo, viti vimejaa mpaka nje. Akina mama wetu walipanda jukwaani ishirini na mbili, buluu, wamenyooka, shanga shingoni, na nilisikia watu nyuma yangu wakiulizana nani ameshona. Mke wangu alikuwa katikati yao, maana naye ni mwimbaji. Mama yake alikaa safu ya pili. Kwa wimbo wa kwanza nilijivuna. Niliwaambia waliokaa karibu nami kwamba uzi ni wangu.

Wimbo wa pili ni ule wa kutikisa mabega. Kwapa la mama wa mwisho kushoto likafunguka taratibu, kama mdomo wa mtu anayetaka kuuliza swali. Akabana mkono. Jirani yake akabana. Kufikia ubeti wa tatu nusu ya kwaya ilikuwa inaimba na mikono imegandamana ubavuni, kama wafungwa waliofurahi. Mtu mwenye busara angesimamisha wimbo, lakini mwenyekiti hakuwa mtu wa kusimamisha wimbo. Aliruka. Alishuka, kama alivyokuwa ameomba, akiwa bado amevaa, lakini sketi ilichelewa kidogo kumfuata, na ilipofika ilikuwa peke yake.

Watu walicheka. Si vibaya sana. Walicheka kama watu wa kanisani wanavyocheka, kiganja mdomoni. Akina mama wakashuka mmoja mmoja, kinyumenyume, wameshikilia nguo. Mke wangu alishuka wa mwisho. Gauni lake lilikuwa zima. Alikuwa amelishona la kwanza, kabla sijarekebisha mashine. Hilo nalo lilihesabiwa dhidi yake.

Nyuma ya kanisa walimzunguka.

"Lako mbona halijafumuka?"

"Mama, tulikuamini!"

"Ulitushonea na nini, na mate?"

Mke wangu alikuwa ameokota kipande cha uzi kwenye mshono wa mtu, amekishika tu. Mwenyekiti, amejifunga leso ya kuazima kiunoni, akaniona nimesimama kando ya tangi la maji.

"Mzee, wewe ulikuwa kiwanda ya uzi," akasema. "Wewe ndiye unajua. Hii ni nini?"

Wote wakageuka. Mke wangu pia akageuka, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa unasubiri. Sijawahi kupewa nafasi safi kama ile, katika mahali patakatifu, mbele ya mashahidi, kwa swali la wazi na la adabu. Nikachukua kile kipande cha uzi mkononi mwake. Nikakiviringisha kwa vidole viwili, kitaalamu, kama nilivyowafundisha wafanyakazi wapya. Nikakitazama juani.

"Mshono umelegea," nikasema. "Nilimwambia akaze."

Mama mkwe alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake aliniangalia machoni, moja kwa moja. Halafu akakumbuka adabu, akainamisha kichwa, akavua shuka yake na kwenda kumfunika mwenyekiti.

Tulirudi Kitengela jioni ile. Kesho yake mke wangu alikwenda dukani, akanunua uzi, akakaza skrubu, akakusanya yale magauni ishirini na moja nyumba kwa nyumba, akayafumua yote na kuyashona upya. Akayapiga pasi na kuyarudisha. Walipokea mlangoni. Wengine walisema asante. Baada ya hapo hakuna aliyeleta kitambaa. Hawakumchukia, walimsalimia vizuri sana kanisani. Walidhani tu kwamba alinunua uzi wa bei ya chini akala kilichobaki, na kwamba gauni lake mwenyewe alilishonea uzi mzuri. Wanawake wa Isinya nao wakajua. Kutoka Kajiado mpaka Kitengela habari hiyo ilifika kabla yetu.

Viwanda vya nguo za kuuzwa ng'ambo vilipofunguliwa Athi River mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alikwenda kupanga foleni langoni na wasichana wa umri wa binti zake. Walimpa mashine na kazi moja: mfuko wa nyuma wa suruali, upande wa kulia. Mfuko wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine. Mwanamke aliyeweza kukutazama mlangoni na kukata gauni lako bila kukupima alishona mfuko wa kulia miaka sita, akisimamiwa na kijana aliyeshika saa. Cherehani yetu tuliifunika kwa shuka, ikawa meza. Mimi nilifungua kibanda cha kuuza mafuta ya taa, na baadaye kadi za simu. Wateja wangu sasa nikawaeleza kuhusu mitambo ya simu.

Mama mkwe alifariki katika miaka hiyo. Mpaka siku hiyo hakunisemea kupitia pazia tena. Akija kwetu alizungumza Kimaasai tu, na ilikuwa adhabu nzuri.

Jumapili moja kanisani mwenyekiti, ambaye alikuwa bado mwenyekiti, alitangaza kwamba kwaya inahitaji sare mpya. Sauti moja ya mwanamke ikasema kutoka nyuma, "Lakini tusipeleke kwa yule wa Kajiado!" Kanisa likacheka. Wengine waliocheka walikuwa wasichana ambao hawakuwepo siku ile. Walikuwa wamerithi kicheko. Mke wangu hakuwepo. Kiwandani walikuwa na ovataimu.

Nikasimama. Sijui miguu ilitoka wapi. Nikaenda mbele nikawaambia kila kitu: mkanda, sahihi, magunia, skrubu. Nilisema vizuri. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na mpangilio, na mahali fulani katikati niligundua kwamba ninafurahia. Watu wakafuta macho. Mchungaji akanishika bega, akasema huyu ni mwanamume. Wakanipigia makofi! Mwenyekiti akalia waziwazi, akasema, "Tulimkosea huyo mama, Mungu atusamehe." Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikachemsha chai, nikamngoja mke wangu anikute nimekuwa mtu mwema.

Alifika jioni na vumbi la kitambaa nyweleni. Alivua viatu, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nasikia leo umeshuhudia," akasema. "Mwenyekiti amenikuta kwa steji. Ananililia shingoni mbele ya watu, mimi sijui nani amekufa."

"Nimesema ukweli wote."

"Umeambia nani?"

"Kanisa."

"Kanisa ndiyo ilikuwa inashona?"

Nikamsogezea chai.

"Nilijua walikufuta," akasema. "Bibi ya makanika aliniambia wiki ya kwanza, tukiwa kwa maji. Walikufuta juu ya kuharibu uzi. Nikanyamaza, nikasema, ni mwanaume, ataniambia mwenyewe akiwa tayari."

"Ulijua! Na ukashona nao?"

"Sikujua ni ule." Aliishika chai bila kuinywa. "Mama aliponiambia, nilifikiria. Nikasema hapana. Mtu anaweza kudanganya kiwanda, lakini hawezi kunipea mimi huo uzi nishonee watu wangu."

Akanywa chai yake. Akaniambia imekosa sukari.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alikuja na kitambaa, kizuri sana, cha rangi ya zambarau, na akina mama wawili nyuma yake wamebeba unga na sukari. Mke wangu aliwakaribisha vizuri. Alikifungua kitambaa, akakipitisha mkononi, akakisifu, akakikunja upya kwa mikunjo yake ileile, akamrudishia mwenyekiti magotini. "Mpeleke kwa fundi wa pale ng'ambo ya barabara," akasema. "Anashona vizuri. Mimi niko na shifti." Wakabembeleza sana. Akawaongezea chai.

Nilipomsindikiza mwenyekiti mlangoni aliniuliza kwa sauti ndogo, ndogo kwa kadiri alivyoweza, "Mzee, si ulisema yote?"

"Nilisema yote."

"Sasa mbona amekataa?"

"Nilisema kwenu."

Alinitazama kama anavyomtazama mwimbaji aliyekosea ufunguo. "Ai! Na huyu umemwambia?"

"Amekwisha kusikia."

"Sijauliza kama amesikia."

Nikarudi ndani. Mke wangu alikuwa anapiga pasi ovaroli yake ya kazini, makaa yanatoa cheche ndogo. Nilikaa mahali ambapo angeweza kuniona. Safari hii sikuwa na sauti wala mpangilio. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza tena. Nikamwambia mkanda ulikatika saa sita na nusu, makanika akiwa amekwenda kula. Pasi haikusimama. Nikamwambia niliufunga mwenyewe.

"Kwa nini hukungoja?" akauliza, macho kwenye kola.

"Nilidhani najua kuliko yeye."

Aliigeuza ovaroli upande wa mgongo, akainyunyizia maji kwa vidole.

"Endelea," akasema.